Taja, Uende Hospitali

Yunia alianza kuchuma chai kwa mkono mmoja, na nyapara akadhani ni uvivu. Johana alisimama nyuma yake kwenye mstari, fimbo begani, akamtazama kwa muda jinsi mkono wa kulia ulivyokuwa ukikimbia juu ya majani huku wa kushoto ameubana kifuani kama mtu aliyevunjika.

"Huo mkono ingine umeacha nyumbani?" akauliza.

"Naumwa, nyapara."

"Unaumwa mkono?"

Mwanamke wa Kisii hatamki neno titi mbele ya mwanaume wa Kipsigis aliyeshika fimbo. Hata kwa mume wake hulizungukazunguka. Kwa hiyo Yunia akauchomoa mkono wa kushoto, akaupeleka kwenye michai pamoja na mwenzake, na mkanda wa kikapu ukalisugua lile titi kila alipoinama. Machozi yalimtoka na hakuyafuta, kwa sababu mikono yote miwili sasa ilikuwa kazini, na nyapara akaridhika, akaenda kumsumbua mwingine.

Ugonjwa wenyewe haukuanguka kutoka mbinguni. Zamani kidogo, akina mama wenye watoto wachanga kwenye shamba lile, huko juu kati ya Kericho na Sosiot, walikuwa wakiruhusiwa kukimbia kambini saa nne wakanyonyeshe. Kisha akaja meneja mpya, ikatoka amri kwamba anayeondoka mstarini kabla ya mizani ya mchana kikapu chake hakitapimwa. Walipomlalamikia Johana, aliwajibu bila hata kukasirika, "Maziwa itangoja. Majani haiwezi kungoja." Na kweli maziwa yalingoja. Yalingoja yakailowesha gauni ya Yunia pande zote mbili, siku baada ya siku, mpaka ikafika siku upande wa kushoto ukaacha kulowa. Hapo ilimpasa aogope. Badala yake alifurahi kwamba ataacha kuaibika mbele ya watu kwenye mizani.

Sasa lile titi lilikuwa gumu, jekundu, linawaka moto, na yeye mwenyewe alikuwa akitetemeka kwa baridi katikati ya jua la adhuhuri.

Nyumbani kulikuwa na mama mkwe. Nyambeki alikuwa amekuja kutoka Kitutu kumlea mjukuu, kitoto cha kiume kiitwacho Kebaso, na tangu siku aliyoingia kwenye kile chumba kimoja cha kampuni alikikalia kiti cha mwanawe na hakukiacha. Nyambeki alimpenda mtoto, hilo lazima lisemwe. Alimbeba kutwa nzima, akamwimbia, akamtafunia viazi kabla ya wakati wake. Lakini mama wa mtoto, yeye Nyambeki alimwona kama kitu kilichokuja pamoja na mtoto, kama vile ngozi inavyokuja na nyama.

"Mtoto amekubeulia titini," alisema alipolitazama mara ya kwanza. "Wewe unamnyonyesha huku umelala usingizi, naye anabeua ndani."

Akachoma majani ya boga kwenye majivu, akayaweka pale penye uvimbe yakiwa bado ya moto. Yunia aliuma shuka. Kesho yake yalikuwa majani mengine, na keshokutwa mavi ya ng'ombe yaliyochanganywa na chumvi, na uvimbe ukazidi kukua. Dawa za Nyambeki zilipoisha, hakusema kwamba dawa zake zimeshindwa. Watu wa aina yake hawashindwi. Alikaa akiinyonganyonga ncha ya leso yake, akimtazama mkazamwana wake kuanzia miguuni kwenda juu.

---

Mellen ndiye aliyempeleka dispensari. Huyu alikuwa jirani, mlango wa pili, Mkisii kama wao, mjane ambaye kampuni ilimwachia chumba kwa sababu alichuma vizuri kuliko wanaume. Alimpokonya Yunia kikapu asubuhi, akamshika kiwiko, wakashuka pamoja mpaka kwa Kepher.

Kepher alikuwa dresa, mfunga vidonda, Mjaluo mrefu mwenye koti jeupe lililofupika, na watu wote walimwita daktari. Alilitazama titi. Akaligusa kwa vidole viwili, taratibu, na Yunia akapiga yowe.

"Hii umekaa nayo siku ngapi, mama?"

"Si nyingi."

"Wewe unanidanganya, na mimi nataka kukusaidia." Akanawa mikono. "Ungekuja mapema, sindano na maji moto ingetosha. Sasa ni jipu, na liko ndani sana. Nitakupiga sindano, lakini hii ni ya kupasuliwa. Mimi sipasui titi. Utaenda hospitali ya kampuni."

"Leo?"

"Gari ya wagonjwa inapita kesho kutwa. Mzee yako aje hapa kwanza aniambie kwa mdomo wake kwamba amekubali. Mwaka jana nilipeleka bibi ya mtu kukatwa, bwana yake akanijia hapa na panga. Sitaki tena hiyo maneno."

"Na mtoto anyonye?" Mellen aliuliza.

"Anyonye huku kuzuri. Hii mbaya aikamue, hata kama inauma. Ikikaa na maziwa ndani inazidi kuoza." Kisha akamwambia Yunia mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Mama, usikae. Hii inaweza kuingia kwa damu. Nimeshazika mtu kwa sababu ya kitu kama hii."

---

Mosoti alifanya kazi kiwandani, ghorofani, mahali majani yanapotandazwa yanyauke, na jioni alirudi akinuka chai mpaka kwenye nywele. Hakuwa mtu mbaya. Na hilo ndilo lililomponza Yunia, kwa maana mtu mbaya hujiamulia mambo yake mwenyewe, lakini Mosoti alimtazama mama yake kwanza kwa kila kitu.

"Kepher anataka uende ukaseme umekubali," Yunia alimwambia.

Mosoti akamtazama mama yake.

"Apasuliwe?" Nyambeki alisema. "Kisu kiingie kwenye titi la mjukuu wangu? Na kama ndani kuna amasangia, je?"

Mtu wa Kisii akilitamka neno hilo hupunguza sauti. Ni balaa linaloingia nyumbani pale mwanamke aliyetolewa ng'ombe wa mahari anapolala na mwanaume mwingine. Mume akiugua, mke wa namna hiyo akimsogelea, mgonjwa anazidiwa. Naye mwanamke akiwa katika uchungu wa kuzaa, mtoto hatoki mpaka jina la yule mwanaume litajwe. Hayo yalijulikana na kila mtu pale kambini. Lakini kwamba amasangia huingia kwenye titi, hilo Nyambeki alilianzisha mwenyewe jioni ile, amekaa kwenye kiti cha mwanawe, na kufikia asubuhi lilikuwa limeshakuwa jambo la mababu.

Ni mmoja tu aliyethubutu kumpinga, Elmina wa chumba cha mwisho, mama mtu mzima. "Mimi nimezaa tisa," alisema, "na sijasikia amasangia ya titi."

"Hujasikia kwa sababu kwenu mliificha," Nyambeki akamjibu, na wanawake wakacheka, na Elmina akaondoka na sufuria yake.

Mosoti alisimama mlangoni akikwaruza fremu kwa ukucha. "Ninyi wanawake malizeni kwanza hayo yenu," alisema. "Mkishamaliza, nitakwenda kwa Kepher."

"Baba Kebaso," Yunia akamwita. Kichwa kilikuwa kikimzunguka kwa homa. "Unanijua. Nitatoka hapa niende wapi mimi? Ni shambani na nyumbani, shambani na nyumbani."

"Basi kama huna kitu, unaogopa nini kuulizwa?"

Akaenda zake kazini.

Siku ile yote waliuliza. Nyambeki aliita wanawake wengine wawili, wakakaa sakafuni, na walikuwa wapole kweli, kama mtu anayembembeleza ng'ombe asimame akamuliwe. Taja tu, mama. Mwanamke ni mwanamke, hakuna atakayekupiga. Taja, uende hospitali. Alipoomba maji wakampa, alipoomba mtoto wakamnyima, kwa kuwa maziwa hayajasafishwa. Kebaso alilia mpaka sauti ikakauka, na Nyambeki akamnywesha maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, na yale maziwa yakamtoka puani.

"Hakuna mtu," Yunia alisema. Alilisema mara nyingi mno mpaka likapoteza maana.

Ilipofika alasiri, Nyambeki alitoka kwenda chooni, na Mellen, aliyekuwa analeta maji ya moto ya kukandia, akapiga magoti karibu na kitanda, akanong'ona haraka haraka.

"Sikiliza. Gari linapita kesho asubuhi. Likipita bila wewe, utakufa hapa na hawa wanakutazama. Taja mtu."

"Hakuna, Mellen. Wallahi hakuna."

"Najua hakuna. Nasema tunga. Taja mtu yeyote, uende ukatibiwe, mengine tutayasema baadaye. Mimi nitakusimamia."

---

Basi Yunia akatafuta mtu. Ni kazi ngumu kumtafuta mwanaume wa kumsingizia wakati mwili wote unawaka. Alimfikiria Kepher, akaona atafukuzwa kazi. Akamfikiria Johana nyapara, na huyo angalau angemfaa kwa kisasi, lakini kesho angerudi kwenye mistari yake na kile kikapu. Akamfikiria Nyang'au wa chumba cha kona, akamwona mke wake, na watoto wao wanaokuja kucheza na Kebaso. Kila mwanaume hai aliyempita akilini alikuwa na uso, na ule uso ungepigwa.

Ndipo akakumbuka kwamba kuna wanaume wasioweza kupigwa. Alijiona mwerevu, maskini. Alihisi kama amepata mlango nyuma ya nyumba.

Nyambeki alikuwa amerudi, na wale wanawake wawili wamekaa, na Mosoti amesimama nje ya mlango ametoka zamu, mgongo wake unaonekana.

"Ni Atuti," Yunia akasema.

Atuti alikuwa dereva wa trekta la majani. Mwaka uliotangulia trela lilimlalia kwenye kona ya mtoni, wakamchukua kwao Kitutu, wakamzika kwenye migomba ya baba yake. Alikuwa mtu wa utani na watu wote. Alikuwa rafiki wa Mosoti. Na alikuwa mume wa Mellen.

Jina lilipokwisha kutoka, ndipo Yunia alipomwona Mellen. Alikuwa amesimama pale pale, beseni la maji ya moto mikononi. Hakuliangusha. Aliliweka chini polepole, akakikunja kitambaa alichokuwa akikandia, akakitundika ukingoni mwa beseni, akatoka. Mosoti alimpisha mlangoni.

"Atuti gani?" Nyambeki aliuliza, yeye aliyekuwa mgeni pale.

"Alikufa," mmoja wa wanawake akamwambia.

Nyambeki alimtazama Yunia kwa muda mrefu, na kwa mara ya kwanza tangu aje kambini alionekana kama anamhurumia.

"Amekufa," alisema. "Haya. Mwacheni aende hospitali."

---

Walimfunika pua kwa kitambaa chenye dawa, akalala, na alipozinduka titi lilikuwa limefungwa bendeji na ule uvimbe mgumu kama jiwe umetoka kifuani. Muuguzi aliyeitwa Celine, msichana mnene wa huko ziwani, alimwambia kwamba usaha ulijaa bakuli. Alisema kwa furaha, kama mtu anayesifia mavuno.

Kidonda hakikushonwa. Waliacha mdomo wazi na kusokomeza utambi wa kitambaa ndani, na kila asubuhi Celine aliuvuta ule utambi na kuweka mwingine. Maumivu yake Yunia hakuwahi kuyasimulia. Lakini homa iliondoka. Alikula ugali wa hospitali na mchuzi, akalala mchana kama tajiri.

"Mtoto yuko wapi?" Celine alimuuliza.

"Ameachwa na bibi yake."

"Aletwe basi. Hii ya kulia ni nzima, hata hii ingine itarudi kabisa. Mwambie bwana yako alete mtoto."

Siku zikapita na mtoto hakuletwa. Celine akamfundisha kukamua kwa mkono, asubuhi, mchana na jioni, maziwa yasikauke. Yunia alikamua ndani ya kikombe cha bati, na kikombe kilipojaa alikimwaga kwenye sinki na kufungulia maji, na kila mara alitazama kwingine. Ya upande wa kushoto yalirudi kweli. Mwanzoni yalikuwa ya manjano, kisha yakawa meupe.

Mosoti alikuja mara moja. Alisimama miguuni pa kitanda, kofia mkononi, na hakuwa ameleta kitu, hata ndizi.

"Mtoto mzima?"

"Anaharisha kidogo. Mama anampa uji."

"Mlete, baba Kebaso. Muuguzi amesema."

Mosoti alizungusha kofia. Yunia akaona afadhali aseme sasa hivi, kabla moyo haujarudi nyuma. "Lile jina lilikuwa la uongo. Nilitaja ili mniachie nije hapa. Sikuwahi kuguswa na Atuti wala mtu mwingine."

"Kama ni uongo, kwa nini ulimtaja mtu asiyeweza kujibu?"

"Ndiyo sababu. Ili nisimuumize mtu."

Mosoti alicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mgonjwa wa kitanda cha pili akageuka kumtazama. "Na mimi si mtu? Atuti alikuwa akila kwangu. Nililibeba jeneza lake mimi. Sasa kiwandani watu wakiniona wananyamaza." Akavaa kofia. "Ungetaja mwingine, Yunia. Ungemtaja yule nyapara, ningejua la kufanya."

"Unaniamini au huniamini?"

Mosoti alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, alijitahidi kweli kufikiri.

"Ulipokuwa unaumwa ulisema hivi, na sasa umepona unasema vile," alisema. "Mama anasema wote hufanya hivyo."

---

Gari la wagonjwa lilimshusha barabarani juu ya kambi, mchana, watu wakirudi kutoka kwenye mizani. Yunia alitembea haraka, kanga mabegani, na wanawake waliomjua wakamwitikia salamu kwa adabu, kisha wakapunguza mwendo ili wasiandamane naye. Pale bombani maongezi yalikatika, yakaanza tena alipokwisha kupita.

Nyambeki alikuwa amekaa kwenye kile kiti, lakini kiti kilikuwa nje, kimezuia mlango. Kebaso alikuwa amefungwa mgongoni mwake, amelala. Shingo yake ilikuwa imekonda. Kando ya kiti palikuwa na fungu la nguo lililofungwa kwa shuka, na Yunia akaona ni nguo zake mwenyewe.

"Umepona?" Nyambeki aliuliza.

"Nimepona, mama. Nipe mtoto."

"Kaa hapo hapo." Hakusema kwa ukali. "Mwenzako Mosoti alikwenda nyumbani Kitutu, akawauliza wazee. Amasangia inaoshwa. Si jambo la kuua mtu. Yule mwanaume analeta kondoo, mnakaa watatu, wewe na yeye na mume wako, mnatiwa dawa kwa kibuyu kimoja, yanakwisha, kila mtu anakwenda zake. Wengi wameoshwa, na watoto wao wakanyonya." Akapangusa mdomo. "Wako atatoka kaburini na kondoo?"

Hapo ndipo Yunia alipouelewa ule uso wa huruma wa siku ile. Angemtaja mwanaume yeyote anayepumua, hata Johana, hata Kepher, angekuwa ameshaoshwa na mtoto yuko kifuani. Aliyemchagua kwa kuwa hawezi kupigwa ndiye huyo huyo asiyeweza kuitwa.

"Mama, ilikuwa uongo."

"Wote husema."

"Mellen ndiye aliyeniambia nitaje mtu. Alinipigia magoti pale kitandani, akasema nitunge. Muulizeni."

Nyambeki alisita. Lilikuwa neno jipya, nalo hakulitegemea. Mosoti alikuwa ametokea kutoka ndani na kusimama nyuma ya kiti, na Yunia akaona macho yake yanachangamka kama ya mtu aliyetupiwa kamba.

"Mwite basi," Mosoti alisema. "Mwite Mellen aje aseme. Akisema hivyo, mama, mambo yamekwisha."

Nyambeki akageuka kumtazama mwanawe, na mwanawe, kwa mara ya kwanza, hakuinamisha kichwa. "Haya," akasema. "Akisema, nitampa mtoto wake."

Ilikuwa milango miwili tu. Mellen alikuwa anachambua mboga, na hakuinua macho.

"Mellen, njoo uwaambie. Uliniambia utanisimamia."

"Nilikuambia."

"Nisamehe kwa lile jina. Sikukufikiria. Nakuapia, Mellen, sikukufikiria kabisa, nilifikiria tu kwamba amekufa."

"Alikuwa anakubebea kikapu," Mellen alisema. "Ulipokuwa na mimba. Anasimamisha trekta, anashuka, anakubebea. Mimi nilikuwa nakuja nyuma na changu mgongoni, nacheka."

"Alikuwa anambebea kila mtu."

"Mimi hakunibebea." Akauweka uteo chini, akapangusa mikono kwenye gauni. "Twende."

Wakaenda. Watu walikuwa wamekusanyika, wakijifanya wana shughuli. Yunia alitembea mbele, na kwa hizo hatua chache alikuwa na furaha, moyo unampiga, tayari ameshainyoosha mikono kidogo.

"Mellen," Mosoti alisema, "ni kweli ulimwambia ataje jina la uongo?"

"Ni kweli," Mellen akajibu. "Nilimwambia atunge mtu, ili aende hospitali asife. Nilisema hivyo, na sikatai."

Mosoti alivuta pumzi. Nyambeki alikuwa ameshaanza kulegeza fundo la leso kifuani.

"Lakini mtu anayetunga hufikiri," Mellen aliendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Siku ile nilimtazama. Alikaa akifikiri, akifikiri, akitafuta, na mdomo ukashindwa kumtoa mtu. Kisha akaacha kutafuta, na jina likatoka lenyewe. Nimelilalia jambo hili usiku wote aliokuwa hospitali. Nimekumbuka siku alizochelewa kurudi. Nimekumbuka alivyokuwa akimtania. Nilimwambia ataje wa uongo, yeye akamtaja wa kweli."

"Mellen," Yunia akasema.

"Ningekuwa nataka kumsafisha mume wangu, ningesema vingine. Hakuna anayetaka jina la mume wake lifike bombani. Mnaniona mimi napata faida gani?"

Hakuna aliyemwona akipata faida yoyote, na kwa hiyo wote wakamwamini. Mellen akageuka, akarudi kwenye mboga zake. Mosoti alibaki amesimama kidogo. Kisha akaliinua lile fungu la nguo, akalisogeza mbali zaidi na mlango, kwa uangalifu, lisishike tope.

"Kesho napanda basi na mtoto," Nyambeki alisema, akilifunga upya fundo lake. "Ni wa ng'ombe zetu. Kwetu kuna maziwa."

Labda ni lile fundo lililombana. Kebaso alishtuka usingizini, akafumbua macho, akaona uso wa mama yake juu ya bega la bibi yake, akaanza kulia. Hakikuwa kilio kikubwa, kwa kuwa nguvu hana, lakini Yunia alikisikia matitini kabla hajakisikia masikioni. Maziwa yalimshuka yote kwa mpigo. Kanga ilikuwa imemwanguka mabegani bila yeye kujua, na gauni ikalowa pande zote mbili mbele ya watu, kulia na kushoto sawasawa, mpaka yakamtiririka tumboni. Titi la kushoto lilikuwa limepona kabisa, kama Celine alivyosema.

Nyambeki alimtazama kifuani, kisha akatazama barabarani.

"Jifunike," alisema. "Watu wanapita."